RDP, AnyDesk au VPN: ipi inafaa kufikia kompyuta za ofisi ya Nyakato nikiwa Nansio?

Mhasibu_Nyakato

Habari za jioni wakuu. Nashika mahesabu ya ofisi ya jumla ya dagaa hapa Nyakato. Tuna kompyuta tano, na moja ya Windows 7 ndiyo tunaiita seva kwa kuwa faili la mahesabu linakaa humo. Kila mwisho wa mwezi navuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, kulipana na mawakala, nakaa hata wiki, na huo ndio wakati ofisi inanihitaji zaidi. Hadi sasa ninachofanya ni kupiga simu: "Nisomee salio la fulani," nami naandika kwenye daftari. Mwezi uliopita tarakimu mbili zilipinduka kwenye simu, tukamlipa wakala mmoja pungufu. Niliuona uso wake alipomaliza kuhesabu noti. Sitaki yajirudie.

Kijana aliyetufungia ruta anataka kufungua mlango namba 3389 kwenye ruta niingie kwa RDP ya Windows, ile njia ya kuendesha kompyuta kutoka mbali. Rafiki yangu anasema weka AnyDesk, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, dakika tano umemaliza. Mwingine anasema VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti hadi ofisini, au acha kabisa. Mwenye kuzitumia anieleze tofauti.

Fundi_Mkolani

Mkuu, hilo la mlango mkatalie leo hii. RDP yenyewe ni nzuri, ubaya ni kuianika kwenye intaneti. Niliwahi kumfungulia mteja mlango huo Ijumaa jioni. Jumatatu nikafungua kumbukumbu za Windows nikakuta tukio namba 4625, yaani mtu kajaribu kuingia akashindwa, limejipanga ukurasa baada ya ukurasa. Majina yaliyojaribiwa: Administrator, admin, test, hata reception. Hakuna aliyekuwa na kisa na mteja wangu. Ni programu zinazopita zikigonga kila mlango duniani. Kubadilisha namba ya mlango hakuzizuii, kunazichelewesha tu.

Halafu Windows 7! Microsoft waliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Mwaka 2019 RDP ya matoleo hayo ya zamani ilikutwa na tundu lililopewa jina BlueKeep, ambalo mshambuliaji anapita bila hata nywila. Walitoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu, mpaka cha Windows XP iliyokuwa imeshastaafu, ujue jambo lilikuwa zito. Badilisheni hiyo mashine kabla ya kuchagua njia yoyote. Na iwe toleo la Pro, kwa sababu la Home halipokei RDP.

Dada_Igoma

Mimi AnyDesk naitetea kidogo. Mdogo wangu ana duka Sengerema. Akikwama ananisomea namba, anabonyeza kukubali, namwonyesha. Kwa kumsaidia mtu aliyekaa mbele ya kompyuta yake sijaona rahisi kuliko hiyo, na ruta haiguswi.

Kwa kazi yako ni tofauti. Leseni ya bure ni ya matumizi binafsi, ofisi inapaswa kulipia. Na ukiweka nywila ya kudumu ili uingie bila mtu upande wa pili, nywila hiyo ndiyo ufunguo wa ofisi nzima: iwe ndefu, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Waambie pia wafanyakazi wenzako, mtu akipiga simu akijiita wa benki akataka wamsomee namba ya AnyDesk, wakate simu hapohapo.

Msimamizi_Kirumba

Hapa nina la kusema, maana lilituuma. VPN ni barabara tu. Tazama unapitisha nini juu yake. Sisi tulijenga WireGuard, aina mojawapo ya VPN, kwenye ruta ya MikroTik, ikakaa vizuri. Mhasibu wetu akiwa Magu akafungua faili la mahesabu kupitia folda ya pamoja, kama vile yupo ofisini. Programu yetu haina seva ya data, inasoma faili lenyewe kipande kwa kipande, na kila kipande kilisafiri mpaka Magu. Ripoti ya sekunde chache ikawa ya kunywea chai. Akiwa katikati ya kuhifadhi, mtandao wa simu ukakatika. Faili likaharibika. Tulirudi kwenye nakala ya Ijumaa na kuingiza upya stakabadhi za siku mbili kwa mkono, watu watatu, hadi saa nne usiku.

Kwa hiyo VPN na RDP usizishindanishe. Ingia VPN kwanza, kisha RDP ndani yake. Faili linabaki Nyakato, programu inaendeshwa Nyakato, kinachofika Nansio ni picha ya skrini. Mtandao ukikatika, unaingia tena na kukuta kazi yako wazi, kishale kwenye kisanduku kilekile ulichokiacha.

Na ukiwekewa PPTP, VPN ya aina ya zamani, kwa sababu ni rahisi, kataa. Tangu 2012 ilionyeshwa hadharani jinsi ulinzi wake unavyovunjwa.

Fundi_Mkolani

Naunga mkono. Sasa mkuu, angalia kwenye ruta anwani ya IP ya upande wa intaneti. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnachangia anwani moja ya nje na wateja wengine, na mtu wa nje hawezi kuifikia ruta yenu hata mfungue milango yote. Hapo tumia Tailscale, huduma ya VPN. Imejengwa juu ya WireGuard, ila kompyuta zote mbili zinaanzia ndani kwenda nje na kukutanishwa huko. Njia ya moja kwa moja ikikosekana, data inapitia seva zao za kati, taratibu kidogo.

Mhasibu_Nyakato

Nimeangalia, inaanza na 100.72. Basi ni Tailscale. Na bosi akitaka kuingia wakati nami nimo?

Msimamizi_Kirumba

Windows Pro inapokea mtu mmoja kwa wakati. Ukiingia, skrini ya ofisini inajifunga, na karani aliyekuwa anaandika unamtoa. Seva usiiguse, kila mmoja aingie kwenye kompyuta ya meza yake, nazo zisome faili humohumo ofisini kama siku zote.

Mzee_Capripoint

Wanangu, umeme mmeusahau. Ukikatika saa nane usiku ukarudi saa tisa, kompyuta inabaki imezima na wewe upo ng'ambo ya ziwa. Ingia BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka, weka iwake yenyewe umeme ukirudi. Zima usingizi wa Windows. UPS, betri ya akiba, ihudumie seva, kompyuta yako na ruta pia. Halafu Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN zisajili. Kazi yenu ni halali, sajilini.

Mhasibu_Nyakato

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Narudi na majibu baada ya wiki tatu. Seva imebadilishwa, Tailscale ipo, usajili tumewasilisha. Jana nilikuwa Nansio natumia bando la simu. Nilizima picha ya mandhari na kushusha rangi kwenye RDP, ikawa nyepesi. Yule wakala niliyempunja nilimgeuzia skrini, akasoma mwenyewe mstari wake, mzigo kwa mzigo, na pungufu lake nikamlipa. Mtandao ulikatika mara mbili, faili halikuguswa. Kilichobaki ni printa: nikichapisha, karatasi inatoka Nyakato.

Dada_Igoma

Kabla ya kuunganisha, fungua mipangilio ya RDP upande wako, kwenye vifaa vya kompyuta uliyonayo weka alama kwenye printa. Ukichapisha, chagua yenye jina la printa yako ya huko. Ya Nyakato mwachie karani.