Tupeane uzoefu: kuhamisha Land Rover na Land Cruiser za zamani kutoka breki za dramu kwenda diski

Wakuu, habari za majukumu. Huku Nyanda za Juu Kusini bado wengi tunatumia Land Rover 109 (zile ndefu) na Land Cruiser za toleo la 40. Zinabeba viazi, mbao na watu kwenye njia ambazo gari za kisasa hazigusi. Injini inatengenezeka, chesisi ni nzima, kinachotutesa ni breki za dramu, zile ambazo shuu zinatanuka na kubana ngoma ya chuma kwa ndani. Diski ni sahani ya chuma inayobanwa na pedi mbili zilizo kwenye kalipa. Aliyekwisha kuhama aseme alitumia spea za gari gani na nini kilimsumbua.

Naanza mimi. Yangu ni 109 Series III, njia yangu ni Matamba kushuka Chimala, zile kona 57. Enzi za dramu, nikiwa na gunia za viazi, pedali ilianza juu vizuri, ikifika katikati ya mlima imezama karibu na sakafu na harufu ya shuu imejaa ndani. Dramu ikishika moto inatanuka na kuzikimbia shuu, kwa hiyo mguu unaifuata tu. Diski ikishika moto inanenepa kuelekea kwenye pedi, halafu iko wazi, upepo unaipiga muda wote.

Nilifunga diski za mbele tu. Bamba la dramu lilipotoka, palepale pakafungwa chuma cha kushikia kalipa. Nyuma niliacha dramu, maana ukikanyaga breki uzito mwingi unakuja mbele. Hendibreki haikuguswa, ya Land Rover inakamata shafti inayotoka kwenye gia boksi, sio magurudumu. Sasa nafika Chimala pedali iko palepale ilipokuwa Matamba.

Mdau wa Tukuyu:
Mkuu umegusa penyewe. Mimi sikusumbuliwa na milima, nilisumbuliwa na maji. Mvua ya Rungwe mnaijua. Ukivuka kijito, dramu inabaki na maji na tope ndani, ukikanyaga gari linateleza kwanza, au linavuta upande mmoja kuelekea mtaroni. Diski inajifuta ikizunguka mara chache.

Ila niwatahadharishe kuhusu masta silinda, ile pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki kwenda magurudumu. Fundi mmoja alinifungia diski akaacha masta ya zamani. Masta nyingi za dramu zina kivalvu kinachobakiza presha kidogo kwenye bomba ili shuu zisirudi mbali. Kwenye diski presha hiyo inazifanya pedi zigande. Nilisimama Kiwira nikamwagia rimu maji, yakachemka palepale kwa sauti. Diski mpya ilikuwa imeshageuka bluu. Fundi mwingine akaweka masta inayoendana na diski, tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Mdau wa Njombe:
Naongezea busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu ukikanyaga breki. Kwenye dramu, gurudumu likizunguka kwenda mbele linaivuta shuu ijibane zaidi, linakusaidia kazi. Diski haina msaada huo, inategemea presha ya mguu wako tu. Ukifunga diski bila busta utakanyaga kwa miguu miwili na utasema diski ni mbaya. Mimi nina Land Cruiser ya 40. Nilitafuta ekseli ya mbele ya Land Cruiser ya toleo la 60 iliyochinjwa kwa ajili ya spea, nikahamisha habu, diski na kalipa zake, pamoja na busta na masta vya gari hilohilo. Vitu vya familia moja vinasikilizana.

Mdau wa Ilula:
Mimi nabisha kidogo. Nashuka mlima Kitonga kila wiki na 109 yenye dramu. Za mbele ni inchi 11, shuu zote mbili zinajivuta, na kila gurudumu lina virekebisho viwili. Wengi hawavigusi mpaka pedali iwe chini. Virekebishe, badili mafuta ya breki, maana yanafyonza unyevu hewani na yakipata moto yanachemka, kisha shuka na gia nzito (ya chini) tangu juu, usisubiri kona. Mimi sijaona sababu ya kubadili.

Mwanzisha uzi:
Mkuu wa Ilula, kuhusu gia nzito na mafuta nakuunga mkono asilimia mia, hata mwenye diski asiviache. Lakini Kitonga ni lami. Njoo masika njia ya Isyonje kwenda Kitulo, dramu zikishajaa tope uzirekebishe kila jioni, halafu tuongee tena.

Mdau wa Chunya:
Wakuu, rimu zangu ni inchi 15, kalipa itaingia?

Mwanzisha uzi:
Usilipe kabla hujapima. Kwenye 109 kalipa nyingi zinataka rimu ya inchi 16. Iweke kalipa ndani ya rimu tupu, izungushe kwa mkono, ikigusa popote usinunue. Na ukishafunga, toa hewa iliyobaki kwenye mabomba ya breki ukianza gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Bei tuulizane pembeni, picha za chuma cha kalipa naziweka nikirudi Makete.