Mjadala: Tuwavue papa wa kilindini kwa ajili ya mafuta ya ini, au tuwaache?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mwezi huu nimelisikia wazo moja mara mbili, kwanza kwa wavuvi, kisha kwa mtu anayetafuta mtaji. Wanasema pwani yetu, tangu Lamu hadi Mtwara, imekalia mali: mafuta ya ini la papa wa kilindini. Eti kilichobaki ni kununua mishipi mirefu, kuishusha mita mia kadhaa chini, kuchemsha maini na kuuza mafuta nje. Mimi nalipinga, na ninalileta hapa tulijadili kabla halijapata mfadhili.

Mafuta ya papa si mageni kwetu. Aliyekulia pwani anaijua sifa, yaani mafuta ya ini la papa ya kupaka vyombo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikishinda ufukweni jahazi likivutwa nchi kavu kutengenezwa. Mafundi wa kalafati wakishamaliza kushindilia pamba kwenye nyufa, tumbo la chombo linapakwa deheni, yaani shahamu na chokaa, na mbao za juu zinapakwa sifa. Maini yalikuwa yamekatwakatwa na kutiwa pipani, yakaachwa juani siku nyingi hadi mafuta yakajitenga na kuelea juu, mekundu kama chai kavu. Yakachotwa kwa kifuu, yakapakwa kwa tambara, na mbao zikayanywa pale pale. Siku moja nilisaidia kupaka. Shati langu lilifuliwa mara tatu, na bado mama akalianika mbali na nguo za wenzangu.

Lakini papa yule alivuliwa aliwe. Nyama ilipigwa chumvi ikawa ng'onda, na ini lilikuwa ziada. Mahitaji ya sifa yalikuwa na mwisho wake, kwa sababu idadi ya vyombo ilikuwa na mwisho. Kinachopendekezwa sasa ni kumvua papa kwa ajili ya ini, kwa soko lisilo na kikomo ng'ambo, na hapo ndipo ninapokataa.

Kinachotafutwa ndani ya ini hilo ni skwalini, aina ya mafuta ambayo mkemia wa Kijapani, Mitsumaru Tsujimoto, aliipata katika mafuta ya papa mwaka 1906. Papa hana kibofu cha hewa cha kumwezesha kuelea kama samaki wengi wengine, hivyo mafuta ya ini ndiyo yanayompunguzia uzito majini. Wale wa kilindini wa jamii ya Centrophorus wana ini linaloweza kufikia robo ya uzito wa mwili. Skwalini huingia katika vipodozi, na katika baadhi ya chanjo huongezwa ili kuipa chanjo nguvu.

Tuangalie waliotutangulia. Vita Kuu ya Pili ilipozuka na Norway ikavamiwa mwaka 1940, mafuta ya ini la chewa wa kaskazini yakaadimika. California ikawageukia papa, ambao maini yao yalikuwa na vitamini A kwa wingi. Bei ikapaa, kila mwenye boti akaingia, na kabla vita havijaisha papa wenyewe walikuwa wamepungua vibaya. Mwaka 1947 wanakemia wakafanikiwa kuunda vitamini A maabara, na soko nalo likafa. Vidonge vya matone wanavyopewa watoto wetu kliniki leo havimhitaji papa hata mmoja.

Karibu zaidi nasi ni Maldives, bahari yetu hii hii. Walianza kuwavua Centrophorus kwa ajili ya mafuta miaka ya 1980, na haikupita miongo miwili na ushei uvuvi ukaanguka. Mwaka 2010 nchi ikapiga marufuku uvuvi wa papa wote. Mwaka 2025 serikali ya huko ikatangaza nia ya kuufungua tena uvuvi wa Centrophorus, jambo lililonisikitisha. Mwishoni mwa mwaka huo huo mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilio hatarini, uliokaa Samarkand, ukawaweka papa hao kwenye Kiambatisho cha Pili. Maana ya Kiambatisho hicho ni kwamba mafuta hayatakiwi kutoka nchini bila kibali kinachothibitisha kuwa uvuvi hauwamalizi.

Piga hesabu nami. Chukua papa wa kilo 6 na ini la kilo moja na nusu. Hata ini lote likigeuka mafuta bila kupotea tone, pipa moja la lita 200 linakula papa zaidi ya 100. Na huyu ni mnyama ambaye spishi zake kadhaa huzaa mtoto mmoja au wawili tu, baada ya mimba ya karibu miaka miwili. Kwa uzazi huo, boti chache tu zinatosha kuufilisi mlima mzima wa chini ya bahari.

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Tanga

Mkuu, umeeleza vizuri, lakini umeeleza kama mtu ambaye jioni ana uhakika wa chakula. Mimi ni mvuvi. Kila mara sisi wa ngalawa na mashua ndio wa kwanza kuambiwa tuache, huku meli kubwa zikivua huko nje bila sisi kuziona. Papa anaingia kwenye jarife langu, wavu wangu mkubwa, nitake nisitake. Nikimpasua, ini nalitupa, kwa sababu wenye vyombo siku hizi wanapaka rangi, na boti mpya ni za faiba. Unataka niendelee kulitupa? Hiyo nayo si hasara kwa nchi?

Mchangiaji, Mombasa

Samahani ndugu zangu, mimi naingia kwa upande wa afya. Wapo wanaoyanywa mafuta haya wakidhani ni sawa na yale ya chupa ya duka la dawa. Si sawa. Yale ya chupa yamesafishwa na kipimo chake kinajulikana. Ini la papa linaweza kuwa na vitamini A nyingi mno, na ikizidi inaumiza ini la mtu, na kwa mjamzito inaweza kumharibu mtoto tumboni. Papa mwenyewe pia anaweza kuwa na sumu: Novemba 1993 kule Manakara, Madagascar, watu wapatao 200 walidhurika kwa kula papa mmoja, na kuna waliokufa. Kina mama, tafadhali, msimpe mtoto mafuta ya pipani.

Mleta mada

Dada wa Mombasa, ahsante sana, hilo nilikuwa nimelisahau kabisa.

Kaka wa Tanga, neno lako limeniingia. Ini la papa aliyekwisha kuvuliwa lisitupwe. Alipo fundi wa majahazi anayeitaka sifa, muuzie. Ninachokikataa ni mshipi unaoshushwa kilindini kumtafuta papa kwa ajili ya ini. Na wewe wa Tanga unayajua ya jarife la kina kirefu kuliko mimi. Tangu mwaka 2003 majarife ya papa huko kwenu yamekuwa yakinasa silakanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Hakuna aliyemkusudia. Tukiongeza nyenzo huko chini, tutapandisha hata tusivyovijua majina.

Kuhusu meli za nje uko sahihi, na sheria isiyozigusa nitaipinga pamoja nawe.

Mchangiaji, Tanga

Sawa, tuseme nimekubali. Papa anashushwa saa nane za usiku, ufukweni hakuna taa. Nani atajua huyu alinasa kwa bahati na yule alitafutwa?

Mleta mada

Ufukweni hatajua mtu, na sitaki askari wa kuja kukupekua ndoo. Zuio liwekwe bandarini. Sifa ya kupaka vyombo vya hapa hapa haihitaji kupanda meli. Tukikataa kabisa kusafirisha mafuta ya ini la papa nje, anayetafuta mtaji wa mishipi mirefu hana mnunuzi, nawe kidumu chako cha lita tano hakikuletei matatizo. Na wanunuzi wakubwa wenyewe walishaanza kuondoka: L'Oréal na Unilever walitangaza mwaka 2008 kuacha skwalini ya papa, na leo inapatikana kwenye zeituni na hata miwa.

Ninachoomba kwa wengine: kama unaijua sheria ya Msumbiji au ya Comoro kuhusu mafuta haya, iweke hapa. Tukifunga Tanga na Mombasa peke yake, mapipa yatapitia kwao.