Ile sauti ya samaki wa kupaka

*Kikundi: Watoto wa Bi Mwanaisha*

Rukia: Shangazi, umeisikiliza sauti ya Bibi ya jana? Ile ya samaki wa kupaka.

Shangazi Fatma: Nimeisikia mwanangu. Yuko vizuri, alhamdulillahi.

Rukia: Hebu irudie, pale anapofika kwenye tui. Anasema "yale… yale maji meupe ya nazi." Bibi, aliyekuna nazi maisha yake yote! Na kipepeo amekiita "kile cha moto."

Baba: Mama ana miaka 78. Uzee huo. Hata mimi nasahau majina.

Rukia: Baba, nimeitafuta ya Ramadhani ya 2021, samaki yule yule. Dakika moja na nusu, hakusita popote. Ya jana ni dakika nne, na ndimu ameikamua mara mbili.

Salim Boston: Ndio naamka huku. Dada, usilipuuze hilo. Chuo Kikuu cha Boston walitoa utafiti 2024. Walichukua mahojiano ya watu 166 walioanza kusahausahau, kompyuta ikachambua maneno yao na kubashiri nani atapata Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ndani ya miaka sita. Ilipatia kwa asilimia 78.5.

Baba: Kompyuta yamjuaje mamangu?

Salim Boston: Haimjui, Ami. Inaangalia mtu anavyozungumza: anasita wapi, anarudia nini, jina la kitu likimpotea anasema "kile." Rais Reagan wa Marekani alitangaza ugonjwa wake 1994. Watafiti wa Arizona walipopitia mikutano yake na waandishi wa habari, waliona maneno ya "kile kitu" yameanza kuzidi tangu bado yuko madarakani.

Rukia: Ndilo ninalosema. Tusimpime Bibi kwa mzee wa jirani, tumpime kwa Bibi wa 2021.

Shangazi Fatma: Basi tumwekee programu hiyo kwenye simu?

Salim Boston: Hapana Shangazi. Nyingi zimefundishwa kwa Kiingereza, na Bibi ni Kimvita kitupu. Tena hiyo asilimia maana yake katika watu kumi, kama wawili inawakosea. Aende kwa daktari. Huenda hata si dimensia, yaani maradhi ya usahaulifu kama hiyo Alzheimer. Tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, huzuni, hata masikio kuziba huweza kumfanya mtu awe hivyo, na hayo yana tiba.

Baba: Juzi aliniita Hamisi.

Baba: Mara mbili. Akaniuliza mbona sijaenda baharini.

Shangazi Fatma: Ya Rabbi. Kaka, mbona hukutwambia?

Baba: Niliogopa.

Rukia: Pole Baba. Alhamisi sina kazi, nitampeleka. Sauti zote mbili nimeshazihifadhi, daktari azisikie mwenyewe.

Shangazi Fatma: Tumwambie anakwenda kupimwa presha tu, asije akashtuka.

Baba: La. Mama si mtoto, aambiwe kweli. Nitamwambia mimi leo baada ya Isha.