Kikwembe ao pantalo mu labo?

Mwana Katuba
Bayaya jambo. Niko mupya mu labo moja hapa Lubumbashi, tunapimaga mawe ya shaba na kobalti, maana yake asidi kutoka asubuhi mpaka mangaribi. Shida yangu ni nguo. Wiki ya kwanza nilivaa libaya na kikwembe (kitenge), nilikuwa muzuri kabisa, bageni ba shefu wakaingia wakanipatia mabarua yao juu walizania mi ni sekretere, na stajiere mwenye niko namufundisha njo walimwita injenia. Wiki ya pili nikavaa pantalo na bote, kufika nyumbani mama-mukwe anauliza kama natoka kazi ao kuchimba shimo. Tena bluzi ya labo (ile koti ya kukinga nguo) yenye walinipa ni ya mwanaume, mikono inapita vidole, juzi iliingia mu bikeri, kikombe cha kupimia asidi. Ninyi banamuke ba mu labo mnavaaga nini?

Tantine Asidi
Mwanangu, wacha kwanza ba mabarua, tuanze na ile mikono ya bluzi juu hiyo njo itakuunguza. Omba saizi yako. Mi walinizungusha miezi mpaka nikaenda kushonesha yangu kwa fundi wa soko ya Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, kotoni tupu, mikono inabana.
Kikwembe sikatai, lakini chomoa uzi moja uwashe na kiberiti: ikinuka sawa karatasi ya kuungua na kubakisha jivu, ni kotoni. Ikiyeyuka na kufanya kidonge kigumu, ni poliesta, na hiyo ikishika moto inanata ku ngozi. Mwaka 2008 ku chuo kikuu UCLA, kule Marekani, dada moja wa labo alikuwa na sweta ya sintetiki, bluzi hakuvaa, dawa yake ikawaka na sweta ikashika moto, kisha wiki kama tatu hivi akafa. Na meshi za kichwa ni plastiki vilevile, zifunge nyuma! Kotoni nayo asidi ya sulfuriki inaitoboa, mashimo unayaona kisha kufua. Niko na bikwembe bitatu bya namna hiyo, njo tunapangusia chini.

Papa Mashini
Sasa mode inaingia wapi mu kazi? Ukijua kazi yako hakuna mwenye ataangalia nguo.

Mwana Katuba
Papa, na heshima yote, wewe walishakupatia barua ya kupelekea shefu?

Wa Goma
😂😂 Mi niko jiolojia. Wakati tulikuwa tunapanda volkano ya Nyiragongo (mita 3.470, si mchezo), kikwembe nilifunga juu ya pantalo mpaka Kibati, kwenye njia ya kupanda inaanzia, kisha naitia mu sakosi, na usiku kule juu kwa baridi njo inakuwa blanketi. Wakwe hawakuona kitu.
Ule Marie Curie mwenye aligundua radiumu, metali ya mionzi yenye wazungu walikuja kutafuta mpaka kwenu ku mugodi wa Shinkolobwe, alipoolewa 1895 hakutaka robe nyeupe, alichagua ya rangi ya giza juu ataivalia tena mu labo. Na aliivalia kweli. Mama-mukwe wake alisema nini sijui.

Mwana Katuba
Nimechoma uzi. Kikwembe chenye nililipia bei ya wax ya kweli kimeyeyuka pyaa. Kesho naamukia kwa yule muuzaji, labo itaningojea.