Naomba ushauri: watoto wetu wanashinda mbio, ni kipaji ao ni mazoezi?

Ndugu zangu, ninafundisha sekondari hapa Bukavu, na jioni ninawakimbiza wanafunzi 14. Mwaka huu wameziacha mbali shule zote tulizoshindana nazo. Sasa mkuu wetu anasema ni kipaji tu: watoto wa Kadutu wanapanda milima na bidoni za maji tangu utoto, kocha wa nini? Anataka kupunguza saa za mazoezi.

Neno hilo limeniuma. Kweli tunaishi karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mwinuko huo unasaidia pumzi ya mkimbiaji. Lakini zamani milima ilikuwa ileile, na hatukushinda kitu.

Nilimtajia Colm O'Connell, aliyefika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia, bila kusomea ukocha. Ndiye aliyemkuza David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kule London mwaka 2012. Mkuu akajibu: baba yake Rudisha naye alipata medali ya Olimpiki 1968. Hapo nikakosa la kusema.

Ninyi mliofundisha mbio, nimwonyeshe nini? Nina daftari la muda wa kila mtoto tangu siku ya kwanza. Linatosha? Kikao ni Jumatatu.