Tupeane uzoefu: ulienda kuona maporomoko, barabara ikakuonyesha nini?

Mtu wa Mau Summit
Wadau, leo lori limenirushia matope kuanzia kiatu hadi kola pale njia panda ya Londiani, nikasimama nikicheka peke yangu, watu wakadhani nimerukwa na akili. Nilikuwa nimekumbuka safari yetu ya maporomoko ya Teremi, kule Mlima Elgon upande wa Bungoma. Tulitoka Nakuru usiku, Salgaa tukapita salama, lakini kupanda kuelekea Mau Summit ukungu ukashuka mpaka taa za gari zikawa zinatumulika sisi wenyewe. Dereva akamwambia makanga atoe kichwa dirishani awe anamtangazia mstari mweupe: "Upo... upo... upo... umepotea!" Aliposema umepotea, gari zima lilianza kusali, kila mtu na dhehebu lake.

Teremi tulifika, maji tukayaona, mazuri, sina neno. Lakini hadi leo tukikutana hakuna anayetaja maji. Ni "umepotea" tu.

Picha za maporomoko zimejaa kwenye simu za watu. Leteni hadithi za njiani, hasa nyinyi wa msitu wa Kakamega.

Kiatu Kimoja
Jina langu humu lilitoka Webuye. Nitaeleza nikitoka kazini.

Bosi wa Lanet
Kwani lazima mwende mbali hivyo? Sisi wa Nakuru tuna maporomoko ya Thomson hapo Nyahururu, mita 74, lami mpaka langoni. Unapiga picha, unakula mahindi choma, saa kumi uko nyumbani. Haya mateso mengine ni ya kujitakia.

Jirani wa Lurambi
Nyahururu ni Laikipia, bosi. Nakuru mna Makalia, ile ya kule kusini mwa mbuga ya ziwa, ambayo kiangazi kikikolea inabaki ukuta wa mawe. Usijivunie ng'ombe wa jirani.

Bosi wa Lanet
Nimesema tuna, sijasema iko kaunti yetu. Mbona hasira asubuhi yote hii?

Jirani wa Lurambi
Si hasira, ni jiografia. Na msitu wa mvua unaozungumziwa hapa ni Kakamega, kipande kilichobaki cha misitu iliyotandaa kutoka Kongo. Huko kwenu ni miti ya baridi.

Mama Mandazi
Nandi nako kuna msitu, msitumalize. Halafu mada ni barabara, sio nani ana miti.

Bint Malava
Mnataka barabara? Kaeni chini basi.

Kwetu ni Malava, Uluhyani, mume wangu ni Mjaluo wa Nyakach. Pande zote mbili mnajua mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani: hakuna kupeana mkono, hakuna kula meza moja. Mume wangu ni mtu wa heshima. Tangu anioe, mama alikuwa anasalimiwa kutoka ng'ambo ya ua.

Likizo ya Agosti tukapanga kuwapeleka watoto maporomoko ya Isiukhu, ndani ya msitu wa Kakamega. Mama akasema na yeye yumo. Ameokota kuni kwenye huo msitu tangu utotoni lakini maporomoko hajawahi kuyatazama bila mzigo kichwani. Nani angemkatalia? Tukapanga magari mawili: mume wangu na watoto mbele, mama na mjomba nyuma. Heshima imelindwa.

Gari la mjomba likazimika Lubao, pale penye soko la mbwa. Fundi akafungua boneti, akaangalia, akafunga, akaomba maji ya kunawa. Mama hakuwa na mpango wa kurudi nyumbani. Akaingia letu, kiti cha nyuma kabisa, katikati ya kreti ya soda na jerikeni, akajifunika leso kichwa kizima na kugeukia dirishani. Mume wangu naye akageuza kile kioo cha katikati kikatazama paa. Kutoka hapo hadi lango la Buyangu mazungumzo yalipitia kwangu. "Mwambie baba watoto apunguze mwendo." "Mwambie mama nimepunguza." Na gari ni lile lile moja!

Tuliegesha, tukatembea hadi kwenye maji. Mbega walikuwa juu, mikia myeupe inaning'inia, watoto wakipiga kelele. Mama alivua viatu, akatumbukiza miguu, akanyamaza kwa muda mrefu. Mume wangu alikuwa nyuma ya mti mkubwa anajifanya anatafuta ndege.

Ikafika saa nane. Wa Kakamega mnaijua saa nane ya Agosti. Tulipolifikia gari, ule udongo mwekundu ulikuwa umeshakuwa sabuni. Tulienda kidogo, gari likaanza kuteleza kitako, polepole kabisa, una muda hata wa kuaga, likalala mtaroni na gurudumu moja la nyuma linazunguka hewani. Tukashuka wote. Mama akaenda kusimama pembeni kwenye majani na mwavuli wake, mbali na mkwe kama inavyotakiwa.

Alisimama juu ya msafara wa siafu.

Siafu hawana haraka. Wanapanda kimya kimya, ukija kushtuka wameshafika kiunoni. Mama akatoa sauti ambayo sijaisikia hata matangani. Mwavuli ukaruka. Leso ikaruka. Akaanza vifungo vya gauni. Mume wangu, maskini, alikuwa amepiga magoti nyuma ya gari anachota tope kwa sufuria, akainua kichwa kuuliza kuna nini.

"FUMBA MACHO!"

Hilo ndilo neno la kwanza mama kumwambia moja kwa moja tangu tuoane. Akafumba, akaziba na viganja, tope likamjaa uso mzima, akabaki hivyo hivyo magotini.

Mimi na binti yangu tukaanza kung'oa. Ukimvuta siafu, kiwiliwili kinakatika, kichwa kinabaki kimeng'ata. Kwenye kisigino cha mama kulikuwa na safu ya vichwa vyekundu vimeshika ngozi, miili hakuna. Mtoto akainama, akavikagua, akauliza, "Kukhu, hawa wamekufa au bado wanauma?" Mama akamjibu, "Bado wanauma."

Vijana wa bodaboda walipotokea na kamba, walikuta mwanamke amefungwa leso mbili, mwanamume amepiga magoti kwenye tope amefumba macho, na mtoto ameshika kisigino. Mmoja akavua kofia. Walidhani ni maombi.

Jioni wazee wakakaa. Uamuzi: mkwe atoe mbuzi na blanketi kuondoa aibu. Mume wangu akajitetea, kupitia kwangu tena: mbuga ni ya serikali, siafu ni wa serikali, mbuzi atolewe na serikali. Mzee mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Mbuzi alitolewa hata hivyo.

Mama Mandazi
WEEH. Nimemwaga chai.

Omieri Mdogo
Shemeji wa Nyakach ameonewa! Alifumba macho. Mbuzi wa nini?

Jirani wa Lurambi
Aliinua kichwa kwanza. Soma tena.

Omieri Mdogo
Mtu akisikia mayowe asiinue kichwa? Angekuwa ni simba je?

Mzee wa Khayega
Nyinyi vijana mnacheka, lakini kosa lilianzia Lubao. Mama mkwe haingii gari la mkwe, basi. Angepanda matatu. Siafu walikuja kurekebisha tu.

Bint Malava
Mzee, matatu haiingii hadi maporomokoni.

Mzee wa Khayega
Basi angeona maporomoko siku nyingine. Yanaenda wapi?

Nyar Kajulu
Samahani Mzee, siku hizi mama mkwe wangu ndiye anayempakulia mume wangu chakula na hakuna aliyekufa. Mila zingine ni za kututenga tu.

Mzee wa Khayega
Mama mkwe wako ni mama ya mume wako, binti. Atakosaje kumpakulia mwanawe? Tunazungumzia mama YAKO.

Nyar Kajulu
Mmenielewa.

Simba Mvivu
Hahaha hakuna aliyekuelewa.

Kiatu Kimoja
Nimetoka kazini. Sasa Webuye. Tulienda Nabuyole, ile ya mto Nzoia ambayo zamani mji wenyewe uliitwa kwa jina lake la kizungu, Broderick Falls. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, maji yalikuwa rangi ya chai ya hotelini, yananguruma mpaka huwezi kusikia mtu wa karibu. Kushuka kwenye miamba kuna utelezi, mguu wangu ukazama kwenye tope hadi gotini. Nikavuta, ukatoka mtupu. Tulichimba kile kiatu kwa fimbo, kwa mikono, kijana mmoja akaleta jembe, hakikuonekana. Nilirudi Kisumu kwa matatu nikiwa na kiatu kimoja na karatasi ya nailoni, na abiria aliyekaa kando yangu hakuuliza chochote mpaka tukafika Kondele. Akaniambia tu, "Nzoia?" Nikamwambia ndiyo.

Mama Mandazi
Pole. Bint Malava, yule mbuzi alikuwa dume au jike?

Kiatu Kimoja
Sawa tu.

Omieri Mdogo
Pole ya kiatu ndugu. Maji hayo hayo unayopiga picha Webuye ndiyo yanayokuja kutoa watu manyumbani Budalang'i. Kiatu chako kitakuwa kimeshafika ziwani.

Dereva Mstaafu
Nimeendesha hizo barabara nikiwa na nywele. Sikilizeni. Udongo mwekundu ukilowa, punguza upepo kwenye tairi kidogo ili zikanyage kwa upana. Gia ya pili, usiguse breki, usikate usukani ghafla. Gari likianza kuteleza liache liende, ukipambana nalo ndipo linakutupa. Na msishuke wote kwa pamoja, uzito unasaidia gurudumu kushika.

Fundi wa Mamboleo
Mzee heshima yako, lakini hilo la kupunguza upepo liko sawa mkiwa na pampu ya kujaza tena. Watu hupunguza, wanatoka kwenye tope, wanafika lami wanakimbia na tairi legevu, wanakuja kwangu na rimu zimepinda. Funga minyororo. Au gunia mbili za katani chini ya gurudumu. Upepo uache.

Dereva Mstaafu
Minyororo kwenye Probox? Utaifunga wapi?

Fundi wa Mamboleo
Nimeshafunga.

Simba Mvivu
Suluhisho la kweli: usiende.

Jirani wa Lurambi
Suluhisho la kweli ni kutoka mapema. Ingia msituni saa moja asubuhi, saa sita uwe umeshapanda lami. Eneo lile hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nyingi hushuka mchana baada ya jua kupiga. Ukisikia mtu anasema "tule kwanza ndipo twende", huyo muache Kakamega mjini.

Na jambo lingine linalowachanganya watu: Isecheno na Buyangu si lango moja. Isecheno unapitia Shinyalu, iko chini ya shirika la misitu, ndiko kwenye kilima cha Lirhanda. Buyangu unashika barabara ya Webuye, hiyo ni hifadhi ya wanyamapori tangu 1985, na ndiyo ya Isiukhu. Kila wikendi kuna gari limesimama Isecheno linauliza maporomoko yako wapi.

Nyar Kajulu
Na siafu mtu afanyeje?

Mama Mandazi
Paka mafuta ya taa kwenye gambuti.

Mzee wa Khayega
Jivu. Mafuta ya taa yanachubua ngozi.

Bint Malava
Angalia unaposimama. Mengine ni ya kupoteza pesa.

Simba Mvivu
Kanyaga kwa kishindo, hata nyoka wanakimbia.

Jirani wa Lurambi
Hilo la nyoka hapana, tafadhali. Yule bafe mkubwa wa msituni hakimbii. Analala kwenye majani makavu, rangi yake na ya majani ni moja, na kishindo chako hakimhamishi. Tembea na kiongozi wa pale, akanyage mbele, wewe fuata nyayo zake.

Simba Mvivu
Kwa hiyo kiongozi ndiye wa kuumwa.

Jirani wa Lurambi
Kiongozi anajua pa kukanyaga, ndiyo maana unamlipa.

Bosi wa Lanet
Nyoka, siafu, tope, mbuzi. Na mlinicheka na lami yangu ya Nyahururu.

Mtu wa Mau Summit
Bosi, wewe huna hadithi, una risiti ya maegesho.

Kijana wa Kiboswa
Wakubwa shikamooni. Nataka kwenda Isiukhu Jumamosi na Probox ya mjomba. Nifuate ushauri wa nani, wa Dereva au wa Fundi?

Dereva Mstaafu
Wangu.

Fundi wa Mamboleo
Ukifuata wake, Jumatatu niko wazi kuanzia saa mbili.

Mzee wa Khayega
Nani mwingine atakuwa ndani ya gari?

Kijana wa Kiboswa
Mimi, mke wangu, na dada zake wawili.

Mzee wa Khayega
Mama yao?

Kijana wa Kiboswa
Amesema atafikiria.

Bint Malava
Beba gunia nne.