Wanawake kwenye doria na mavizio ya mpakani: mafunzo yaanzie wapi?

Mkufunzi_Lshi
Yambo wandugu. Tunapanga mafunzo ya wanawake 24 wa ulinzi wa mpaka watakaofanya doria na mavizio porini, si kukaa ofisini wala jikoni. Hapa Lubumbashi tunabishana: kipimo cha kuingia kiwe kimoja na cha wanaume? Tuwagawe vipi? Na bohari ina saizi za wanaume tu.

Komanda_mstaafu
Kipimo kimoja, lakini kitoke kwenye kazi yenyewe. Kuburuta majeruhi mwenye vifaa vyote mita 20, kutembea kilomita 8 na kilo 20, kupanda lori bila kusukumwa, kubadili magazini gizani. Anayeweza aingie. Mkiwapunguzia wanawake peke yao, wenzao hawatawaamini siku ya risasi. Mkipima pushapu tu, mtafukuza wapiga shabaha wazuri bure.

Kinachovunja watu ni mzigo. Mifupa huzoea polepole kuliko mapafu na misuli, kwa hiyo mtu anajisikia ana nguvu huku mfupa wa mguu unapata ufa. Anzeni na kilo 8 hadi 10 kwa kilomita 4, mara moja kwa wiki, njia ya udongo. Wiki mnayoongeza uzito, umbali ubaki uleule. Wiki ya nne mpunguze vyote.

Tena, hatua ya gwaride ya Waingereza ni sentimita 76. Mwenye miguu mifupi akilazimishwa kuifuata, nyonga inavutwa kila hatua, na mfupa wa kinena ndio unaolipa. Wafupi watangulie, wao ndio watoe mwendo.

Kugawa: msiweke mmoja mmoja. Wawe watatu kwa kila sekisheni (kikundi kidogo cha doria), mmoja wao mwenye cheo.

Muuguzi_Kampemba
Naongezea kwa komanda. Maumivu anayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, yanayozidi akikimbia na kutulia akipumzika, mhesabieni ufa mpaka ithibitike vinginevyo. Picha ya eksirei ya siku za kwanza mara nyingi haionyeshi kitu, msimrudishe mazoezini kwa sababu hiyo. Kinena kikiuma akitembea, asimame siku hiyohiyo: shingo ya mfupa wa paja ikikatika ni upasuaji.

Chakula: bukari (ugali) na sombe (kisamvu) peke yake havitoshi. Ndakala (dagaa) waliwe na mifupa yao. Utafiti wa kuruta wanawake wa jeshi la majini la Marekani, uliotoka 2008, uliwapa kalsiamu miligramu 2,000 na vitamini D uniti 800 kila siku, na nyufa zikapungua kwa takriban moja ya tano. Pimeni damu kabla ya wiki ya kwanza. Anayekosa hedhi miezi mitatu, baada ya kupima mimba, mwangalieni sahani: mara nyingi anakula kidogo kuliko nguvu anayotumia.

Kwenye mavizio wanajinyima maji ili wasiende haja mbele ya wanaume. Matokeo ni maambukizi ya mkojo na kuzimia juani. Pangeni mahali pa haja kabla ya kupanga zamu.

Fundi_silaha
Bohari sasa. Jile (fulana) ya kuzuia risasi ipimwe kwa urefu wa kiwiliwili, si kwa uzito wa mtu. Ukingo wa juu wa bamba gumu la ndani yake ukae kwenye kishimo cha chini ya koo. Akikaa au kupiga goti, ukingo wa chini usiguse mapaja. Bamba kubwa humsukuma koo na kumzuia kuweka kitako cha bunduki begani, halafu mnasema hana shabaha! Kwa mabamba ya Kimarekani ya aina ya zamani, SAPI, saizi ndogo kabisa ina takriban kilo 1.3, ya kati 1.8. Mbele na nyuma, tayari umeokoa kilo moja. Kitako cha AKM, bunduki ya jamii ya Kalashnikov, ni kifupi, hakisumbui. Buti ndizo zigombaniwe kwanza.

Mkufunzi_Lshi
Aksanti sana. Na kupekua akina mama kwenye kizuizi cha barabarani? Wakubwa wanataka hao 24 wafanye hiyo kazi.

Komanda_mstaafu
Hapo ndipo mipango hii hufia. BSF, kikosi cha ulinzi wa mpaka cha India, iliingiza askari wanawake mwaka 2009, na kazi yao ya mwanzo ilikuwa kupekua wanawake wakulima kwenye milango ya uzio wa Punjab. Ofisa wao wa kwanza wa kike wa mapigano, Tanushree Pareek, alihitimu 2017. Anayepekua vikapu mwezi mzima hapigi shabaha, hatembei usiku, na kwenye doria anakuwa mzigo kweli. Wekeni zamu ya maandishi: wiki moja kwenye kizuizi, tatu kwenye sekisheni, na siku ya shabaha isiguswe hata foleni ya malori ikifika wapi. Wakubwa wakihitaji wapekuzi wa kudumu, waajiri wengine.